Jumamosi Tatu za Baba

Baba yako alikuwa wapi Jumamosi zile tatu?

Niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka tisa, nimesimama katikati ya ukumbi wa kanisa kule Lewisham, nimevaa viatu vipya vilivyonibana vidole, na watu kama sitini wamenyamaza kunisikiliza. Mpaka leo, nikisikia harufu ya chai ya tangawizi iliyochemka mno, ikichanganyika na ile dawa ya kung'arishia sakafu za mbao, vidole vyangu vya miguu hujikunja vyenyewe. Iliwahi kunitokea kwenye ukumbi mmoja siku ya kupiga kura. Karani aliniuliza jina, nami nikamtazama kama mshitakiwa.

Niwaeleze kwanza ukumbi ule ulikuwa wa akina nani. Wakati huo kulikuwa na chama cha wanaume wa Kitanzania kilichoitwa Undugu wa Taa. Wengi wao walikuwa wamesoma shule za misheni za nyanda za juu kusini. Walifika London na vyeti vyao kwenye bahasha za kaki, London ikavisoma, ikawapa mafagio na vitoroli. Jumatatu hadi Ijumaa walikuwa wasukuma vitanda vya wagonjwa, walinzi wa milangoni, madereva wa basi. Jumamosi walivaa tai ya kijani wakawa walimu tena. Walitufundisha watoto wao Kiswahili, hesabu na Biblia. Mchana waliwapelekea wagonjwa na wazee chakula. Wakipata nafasi walipaka rangi uzio wa kanisa. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata kwao. Kama wangekuwa watu wabaya tu, nisingehangaika kuandika.

Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Lusajo, mwalimu mkuu mstaafu kabla hata ya umri wa kustaafu, mwenye sauti iliyofanya viti vinyamaze. Alikuwa na mtoto wa mwisho, Ezekieli, ambaye alitundikwa mbele yetu kila Jumamosi kama ramani ya ukutani. "Mwenzenu Eze yuko Scotland anasomea uhandisi. Theluji mpaka magotini, lakini anapiga kitabu. Nyinyi mvua kidogo tu mnakohoa." Tulimchukia Eze kwa moyo mmoja.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Novemba, Undugu wa Taa waliwakumbuka wafu wao. Hawakuwa na mnara wala picha ukutani. Walikuwa na daftari la mahudhurio, kama lile la shule, lenye jalada la bluu ambalo mtu alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nene: Asiyekuwapo na lake halipo. Mzee Lusajo aliwaita marehemu mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kufa kwao, kama mwalimu aitavyo darasa asubuhi. Aliyekuwa mdogo kuliko wote katika familia ya marehemu alisimama, akaitika kwa niaba yake, "Yupo," kisha akapeleka taa mezani. Zamani walitumia mishumaa ya kweli, mpaka mwaka mmoja king'ora cha moto kilipolia katikati ya sala na wazimamoto wakaingia na mabuti yao, wakawakuta Watanzania arobaini wamepiga magoti hawataki kutoka. Tangu hapo tukatumia vitaa vya betri, vyenye mwali wa plastiki unaotikisika wenyewe.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Nilimuuliza baba: kama amekufa, yupo wapi? Akasema yupo daftarini. Nikamuuliza: na daftari likipotea? Akaniambia nimalize uji.

Baba aliitwa Festo Mbwilo. Hospitalini alisukuma vitanda, ukumbini alifundisha hesabu. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kufuta ubao wote hata kama alitaka kufuta tarakimu moja tu. Na sheria ya Undugu aliijua kama wenzake: ndugu atakayekosa Jumamosi tatu bila kutoa sababu, jina lake linatolewa daftarini, na akifa kabla hajajieleza, Novemba haitwi. Nadhani waliiweka sheria hiyo kama watu wanavyoweka sanamu shambani, ya kutisha ndege. Hakuna aliyekuwa amewahi kufa kabla hajajieleza.

Mwaka ule, masika ya huku yalipoanza na miti ya njiani ikachanua, baba alikosa Jumamosi tatu mfululizo. Alinifikisha mlangoni mwa ukumbi asubuhi, akaninyooshea kola, akasema, "Waambie walimu wako nina shughuli," kisha akaondoka kwa haraka kuelekea stesheni. Jioni alirudi amechoka, ananuka treni, na nyuma ya mkono wake wa kulia kulikuwa na mhuri. Duara la bluu, hafifu, herufi zake hazisomeki.

Shuleni kwangu mhuri mkononi ulikuwa jambo kubwa. Ukisoma vizuri, mwalimu alikugongea nyota, nawe hukuuosha mkono huo kwa siku mbili. Kwa hiyo nilijua ninachokiona.

"Nani amekupa?"

"Mlinzi mmoja mkali sana," baba alisema.

"Umefanya nini?"

Alifikiri. "Nimekaa vizuri kwenye kiti. Sikusimama mpaka nilipoambiwa."

Niliona hiyo ni kazi ndogo kwa mhuri mzima, lakini nikampongeza. Akaniomba nisimwambie mtu, maana wenzake wangeona wivu. Jumapili kanisani alivuta mkono wa shati mpaka vidoleni, na mimi niliyekaa pembeni yake nilijisikia mtu mkubwa, mwenye siri.

Jumamosi ya nne alikuja ukumbini amevaa tai yake ya kijani. Mzee Lusajo alikuwa mezani na daftari, anaita majina ya waliohudhuria.

"Ah, Ndugu Mbwilo. Leo umekumbuka njia."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. "Mwenyekiti," alisema, "na wewe leo uko hapa?"

"Mimi huwa sikosi."

Baba alitazama saa ya ukutani, akamtazama Mzee Lusajo kwa muda uliozidi kidogo ule ambao wakubwa hutazamana, kisha akachukua chaki. Nilidhani ni utani wa kizee ambao nitauelewa nikikua. Siku hiyo alitufundisha kugawanya kwa njia ndefu, akakosea ubaoni, mimi nikamsahihisha. Akafuta ubao wote.

Wiki iliyofuata kamati ilimwita ajieleze. Mama ndiye aliyenisimulia hilo baadaye. Walimuuliza alikuwa wapi, akasema alikuwa na shughuli ya mtu. Mtu gani? Akasema mwenye shughuli yupo, na akitaka atasema mwenyewe. Mzee Lusajo ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha mbele. Alifungua daftari. Jina la baba likapigwa mstari, naye akaacha kwenda ukumbini. Tai aliendelea kuivaa Jumamosi, nyumbani, akinisimamia hesabu kwenye meza ya jikoni.

Septemba alianguka kwenye ngazi za stesheni, saa ya watu kutoka kazini. Moyo. Waliompita walidhani amelewa. Watu wa London ni hodari sana wa kumpita mtu aliyelala chini. Wanapinda bila hata kupunguza mwendo. Aliyesimama mwishowe alikuwa mfagizi wa stesheni.

Undugu wa Taa walikuja wote kwenye msiba, na tai zao. Walileta pilau, walipanga viti, waliimba mpaka majirani wa ghorofa ya juu wakashuka kuuliza kama kuna harusi. Mzee Lusajo alimshika Mama mikono yote miwili. Mama akaelewa alivyotaka kuelewa: kwamba yale yamekwisha, na Novemba baba ataitwa pamoja na wenzake.

Basi tukaanza mazoezi. Watoto tuliokulia huku tulikuwa na ugonjwa mmoja: unaongeleshwa Kiswahili, unaelewa kila neno, mdomo unatoa Kiingereza. Mzee Lusajo aliwahi kumkalisha mtoto mara tatu mbele ya watu mpaka alipoitika inavyopasa. Mama hakutaka aibu hiyo. Alisimama jikoni na mwiko, akaita, "Ndugu Festo Mbwilo," mimi nikiwa mlangoni nikaitika, "Yupo." Siku za mwanzo sauti yake ilikatika kwenye jina la pili. Mwisho wa Oktoba aliweza kuliita lote huku akikaanga vitunguu.

Ilipofika siku yenyewe, alininunulia viatu sokoni Lewisham. Nilipewa kitaa changu pale mlangoni na Papa Mulamba, Mkongo aliyetunza ukumbi, mtu asiye mwanachama wa chochote. Nikakaa mstari wa pili. Nilijua zamu yangu: baada ya Ndugu Mahenge, aliyekufa Pasaka. Baada ya baba angefuata Ndugu Mgaya, ambaye alikuwa hajatimiza mwezi kaburini.

Mzee Lusajo aliomba kwanza. Aliwaombea wagonjwa, wasio na karatasi, wanafunzi, "na mwanangu Ezekieli aliye mbali." Kisha akafungua daftari. Majina yakaanza, taa zikaanza kujipanga mezani. Ndugu Mahenge. Mjukuu wake akaitika kwa sauti nyembamba. Nikavuta pumzi. Nikasimama. Mzee Lusajo akaita jina, na mimi, niliyekuwa nimefanya mazoezi wiki sita, nikaitika kwa sauti kubwa na safi kuliko wote waliotangulia:

"Yupo."

Nilikuwa nimeshapiga hatua tatu kuelekea mezani nilipogundua kwamba jina lililoitwa lilikuwa la Mgaya.

Mjane wa Mgaya alisema, bila hasira, kama mtu anayerudisha sahani isiyo yake, "Huyu si wa kwetu." Mtu akacheka puani. Mwanawe mdogo alinipita na kitaa chake, akakiweka, akarudi. Mimi nikabaki pale katikati. Ningeweza kurudi kukaa. Mara nyingi nimejiuliza maisha yetu yangekuwaje kama ningerudi kukaa.

"Bado baba yangu," nilisema.

Mzee Lusajo alikuwa ameshafunga daftari.

"Umemruka," nikasema. "Anatangulia yeye kabla ya Ndugu Mgaya."

"Mtoto, kaa."

"Lakini umemruka."

Ndipo aliponiuliza. Aliuliza huku akitazama jalada la daftari, kwa ile sauti yake ya kunyamazisha viti, polepole, ili wote wasikie. Baba yako alikuwa wapi Jumamosi zile tatu? Kama unajua, tuambie, nasi tutamwita sasa hivi.

Nataka muelewe kwamba nililichukulia hilo kama ahadi. Nilipekua kichwa changu chote. Sikujua alikokwenda, lakini nilikuwa na kitu kimoja, kizuri kuliko vyote alivyokuwa amenipa, na nikaona kama kuna siku ya kuvunja siri basi ni hii. Nikasema: sijui alikokwenda, lakini alifanya vizuri, kwa sababu kila siku alirudi na mhuri mkononi.



"Mhuri?" aliuliza Mama Bertha, mwenye zamu ya chai. "Wa mlangoni huo. Wanagonga kwenye madisko, ukitoka kuvuta sigara wakujue ukirudi."

"Mchana kweupe?" mtu akamuuliza.

"Wee, London hii. Wapo wanaoanza mchana."

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. Sikuelewa neno moja wala mawili. Niliwaona tu watu niliowaamkia shikamoo asubuhi ile, wakifuta macho kwa tai za kijani. Papa Mulamba peke yake ndiye aliyesema kitu, kutoka mlangoni, kwa Kiswahili chake: "Mutoto uyu hajue kitu. Mumuache." Mzee Lusajo hakucheka. Hilo nililikumbuka kwa miaka kama jambo jema alilofanya. Aliweka kiganja juu ya daftari na kusema, "Tuendelee." Mama alikuja, akanishika mkono, tukatoka. Kitaa nilikuwa bado ninacho. Kiliwaka mpaka Jumanne, betri ikaisha.

Nyumbani Mama aliniuliza mara moja tu: mhuri gani? Nikamweleza, duara, bluu, kila Jumamosi. Aliuliza kama baba alikuwa ananukia manukato. Nikasema alinuka treni. Hakuniamini, au aliamini kwamba nimefundishwa kusema hivyo. Tai ya kijani na mashati yake yote yalikwenda kwenye duka la mitumba la hisani wiki hiyo hiyo. Tangu siku hiyo, hata baada ya mimi kumaliza chuo kikuu, Mama hakulitaja jina la mumewe. Nikiwa na miaka kumi na sita nilijaribu kuuliza. Alikuwa anavaa sare yake ya kazi ya kuwahudumia wazee. "Kamuulize aliyempiga mhuri," alisema.

Kwa hiyo baba yangu alikufa mara mbili, na mara ya pili nilimuua mimi, kwa ushahidi. Nilikua mtu asiyeamini kitu bila kukigeuza nyuma. Chuoni nilipata sifa kwa hilo. Nilibishana na wahadhiri, nikabishana na mapadri, nikaacha kwenda kanisani na nikatoa sababu nzito za kifalsafa, zenye majina marefu. Sababu yenyewe ilikuwa daftari la bluu.

Mzee Lusajo alikufa mwaka jana. Novemba nilikwenda ukumbini, peke yangu, nikijidanganya kwamba naangalia tu kama desturi bado ipo. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikia jina lake likiitwa na kuwa na maoni juu yake. Nilichelewa kwa sababu ya treni. Kwenye ngazi za nje alikuwa amekaa mwanamume wa miaka arobaini hivi, kichwa kimeanza upara, tai ya kijani ameikunja mkononi. Taya lilikuwa la Mzee Lusajo. Aliniangalia kwa muda.

"Wewe ni Mbwilo."

"Nawe ni Eze wa Scotland."

Akacheka, si kwa furaha. "Dada, mimi Scotland sijawahi kukanyaga."

Alikuwa amemjeruhi mtu kwa chupa, usiku mmoja, akiwa na miaka ishirini na moja. Akafungwa. Gereza lilikuwa nje ya London, treni mbili na basi, na siku yake ya kutembelewa ilikuwa Jumamosi. Mgeni wake wa kwanza, na kwa muda mrefu wa pekee, alikuwa baba yangu. Wageni walikaa kwenye viti vilivyofungwa sakafuni na hawakuruhusiwa kusimama mpaka waambiwe. Mlangoni waligongwa mhuri nyuma ya mkono, ili wakati wa kutoka mlinzi asije akamwachia mfungwa akadhani ni mgeni. Kalamu na karatasi havikuruhusiwa, kwa hiyo baba alimpa Eze hesabu za kichwani. Wiki nzima anazifanya kitandani, Jumamosi anamsomea majibu.

Nilipompelekea Mama habari hii, alikuwa anaosha vyombo. Alifunga bomba. Alikaa. "Kumbe alikaa kwenye kiti," alisema, kisha akaita jina lote, la kwanza na la pili, kama alivyokuwa akiliita na mwiko mkononi. Sikuweza kuitika.

Lakini hapo kwenye ngazi bado nilikuwa na swali, maana mimi siachi. Nilimuuliza Eze kama baba yake alijua.

"Nani unadhani alimtuma? Alimwapisha asimwambie mtu, hata mke."

Ndani walikuwa wameanza kuita. Tulisikia "yupo" za watoto, nyingine za Kiswahili safi, nyingine za Kiingereza, siku hizi hakuna anayekalishwa. Orodha imekuwa ndefu. Wa mwisho kuitwa alikuwa Ndugu Lusajo, na mdogo katika familia yake alikuwa huyu aliyekaa pembeni yangu. Wakaita. Viti vikalia. Wakaita tena. Eze aliitandaza tai juu ya goti akaanza kuikunja upya, pole pole, kwa makini.

"Alipokuja mara ya tatu," alisema, "baba yako aliniambia, wiki ijayo siji mimi. Anakuja mzazi wako mwenyewe, ameniahidi. Majibu utampa yeye. Nikajiandaa. Nikakaa kwenye meza tangu mlango ulipofunguliwa mpaka saa ya kufunga. Wenzangu wote walikuwa na mtu. Baadaye baba yangu aliniandikia kwamba aliumwa."

Walikuwa wanaita kwa mara ya tatu.

"Wewe ulikuwepo London," Eze akasema. "Jumamosi ile alikuwa wapi?"

Niliikumbuka saa ya ukutani, na baba akiitazama. Niliikumbuka chaki. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na uzoefu wa jibu hilo.

"Alikuwa humu ndani," nikamwambia. "Alikuwa anaita majina."